Nywele Ndani ya Kidani

Mwaka 1839 Malkia Victoria wa Uingereza alichumbiana na Albert. Albert alimpa pete yenye umbo la nyoka, ina jiwe la zumaridi. Sisi tukiona nyoka tunatafuta fimbo. Kwao nyoka aliyejikunja duara alikuwa alama ya mapenzi yasiyo na mwisho.

Albert alifariki mwaka 1861. Malkia alivaa nguo nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Alivaa pia kidani chenye nywele za mumewe.

Wanawake wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Walipeleka nywele za marehemu kwa sonara azisuke. Lakini watu walilalamika. Walisema masonara wengine hutia nywele za mtu mwingine. Mjane angejuaje? Basi baadhi ya wanawake walijifunza kusuka wenyewe, nyumbani.