Ziara ya Masomo: Beit al-Ajaib kwa Wanafunzi wa Lembeni

Ziara ya masomo ni mojawapo ya njia bora za kufundishia, lakini ni rahisi kuiharibu. Mara nyingi wanafunzi husafirishwa mbali, wakaonyeshwa jumba, wakatajiwa mwaka na jina la aliyelijenga, kisha wakarudi na yale ambayo wangeyasoma kitabuni. Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu wa Lembeni, chini ya Milima ya Upare, anavyoweza kuitumia ziara ya Beit al-Ajaib, Unguja, ili wanafunzi wajifunze kuliuliza jengo maswali. Safari ni ndefu, na gharama yake ni mzigo kwa wazazi. Kwa hiyo somo lisingoje boti, lianzie Lembeni.

Maandalizi

Kabla ya safari, kila mwanafunzi apime upana wa chumba kimoja cha nyumba yao, aandike paa limebebwa na nini, na miti hiyo ilitoka wapi. Darasa likilinganisha vipimo, litaona kwamba upana wa chumba hufuata urefu na nguvu za mti uliopatikana. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa ziara nzima.

Mwalimu akumbushe pia kwamba Unguja haikuwa mbali na Upare kama ramani inavyoonyesha. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe za ndovu ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto hadi Kilimanjaro, ikipita chini ya milima hii. Tena, kabla ya kuzitazama nguzo za chuma za Unguja, wanafunzi wafahamu kwamba Ugweno ilikuwa na wahunzi wake, ukoo wa Washana, waliosifika kwa kufua chuma.

Ziarani

Wanafunzi wasipelekwe moja kwa moja kwenye jumba. Kwanza wapite katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Nyumba za kale huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo kwa kawaida huvuka mita 3 hivi tu, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Aliyepima chumba cha kwao ataelewa bila kuelezwa.

Ndipo wasimame bustani ya Forodhani na kulikabili jumba. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni. Mwalimu aulize: mbona hapa kumbi na baraza ni pana kuliko boriti yoyote? Jibu limo katika mihimili ya chuma, na nguzo ndefu za chuma cha kusubu zilizobeba baraza pande zote. Baadaye jumba likatiwa umeme na lifti, vitu ambavyo wakazi wengi hawakuwa wamepata kuviona; hivyo jina la nyumba ya maajabu likazidi kustahili.

Swali la pili ni gumu zaidi: mali hii ilitoka wapi? Mwaka 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Hata hivyo, mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa, na sheria ya kuufuta utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897. Mwalimu asilikwepe jambo hili kwa kuvutiwa na uzuri wa milango ya nakshi. Wala asiwape wanafunzi hukumu iliyokwisha andaliwa. Awape miaka hii mitatu, 1873, 1883 na 1897, nao wajadiliane.

Swali la tatu ni la mnara wa saa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga makombora majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani na mnara wa taa uliokuwa mbele viliharibiwa. Beit al-Ajaib ikanusurika, na baada ya vita hivyo ikaongezwa mnara wa saa.

Jumba lililoanguka

Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo mwalimu aulize mapema ni sehemu zipi zinazoruhusiwa kufikiwa, wala asiwakaribishe watoto penye hatari. Lakini asiifute ziara. Jengo lililojeruhiwa hufundisha jambo ambalo jengo zima huficha: kwamba urithi hauishi kwa sifa, bali kwa matengenezo ya kila mwaka.

Baada ya ziara

Kipimo cha mafanikio si insha ya kusifu safari. Kila kikundi kichague jengo moja la zamani la Lembeni au vijiji vya jirani, kilipime, kichore ramani yake, kiwahoji wazee juu ya waliolijenga na vifaa walivyotumia, kisha kieleze linahitaji matengenezo gani. Na wanafunzi ambao wazazi wao hawakumudu nauli wawe viongozi wa kazi hii. Hivyo ziara ya wachache itakuwa elimu ya darasa zima.