Maji Yatembeayo Chini ya Upenu wa Barafu

Wahenga walituachia usemi kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Usemi huo ulinijia akilini pindi mwanafunzi wangu mmoja, katika zoezi la kutafsiri makala ya kisayansi, aliponiletea sentensi iliyodai kuwa "rafu za barafu" za Antaktika zikiyeyuka, bahari itafurika. Nilimwuliza kama hiyo ni rafu ya kupangia vitabu au ni ile rafu ya uwanja wa kandanda. Darasa liliangua kicheko, naye mwenyewe akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha tulitambua kwamba kosa halikuwa la neno peke yake. Maana ya sentensi nayo ilikuwa imekwenda kombo, na hakuna miongoni mwetu, mwalimu akiwemo, aliyeweza kuisahihisha papo hapo.

Mimi ni mtu wa isimu, si mtaalamu wa bahari. Hata hivyo, mwalimu asiyejua maana ya jambo hawezi kulitafutia jina, na kwa hiyo ilinibidi nirudi vitabuni. Niliyoyakuta huko yanastahili kuwafikia walimu na wanafunzi wa nchi hii, na katika lugha wanayoielewa.

Bara la Antaktika limefunikwa kwa barafu ya maji matamu ambayo, lau ingeyeyuka yote, ingeinua kina cha bahari duniani kwa karibu mita 58. Barafu hiyo haikai tuli. Hutambaa polepole kuelekea pwani kama mto mzito, na ifikapo baharini haikatiki mara moja, bali huendelea mbele ikielea juu ya maji ingali imeshikamana na ile ya nchi kavu. Sehemu hiyo ielayo ndiyo mwanafunzi wangu aliyoiita rafu. Mimi napendekeza tuiite upenu wa barafu, kwa kuwa yatokeza nje ya nchi kavu jinsi upenu wa nyumba utokezavyo nje ya ukuta. Upenu mkubwa kuliko yote ni ule wa Ross, ulioonekana na nahodha Mwingereza James Clark Ross mwaka 1841. Ukubwa wake wakaribia ule wa Ufaransa, na unene wake ni mamia ya mita. Chini yake mna bahari isiyopata mwangaza wa jua kamwe, ingawa kupwa na kujaa huko kupo, na upenu huinuka na kushuka pamoja na maji.

Sasa turudi kwenye kosa la pili. Mwalimu na atie kipande cha barafu katika gilasi ya maji, aweke alama mahali maji yalipofika, kisha angoje. Barafu ikiisha kuyeyuka, maji yatakuwa pale pale kwenye alama. Kitu kieleacho kimekwisha kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Kwa hiyo upenu ukiyeyuka, huo wenyewe hauongezi kina cha bahari kwa kiasi cha kutajika. Hatari yatoka kwingine. Upenu husuguana na kingo za ghuba na kukwama juu ya miinuko ya sakafu ya bahari, hivyo ukawa kama mwega unaouzuia ukuta usianguke. Mwaka 2002 upenu uitwao Larsen B, wenye eneo la kilomita mraba zipatazo 3,250, ulivunjika vipande vipande katika muda wa wiki chache tu. Mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ilizidisha mwendo mara kadhaa. Barafu hiyo ilikuwa ya nchi kavu, na iingiapo baharini huongeza kina cha maji.

Ni nini basi kiudhoofishao mwega huo? Wengi wetu tungejibu kuwa ni jua. Larsen B kweli ilidhoofishwa na maji yaliyotuama juu yake wakati wa joto, lakini kwa Antaktika kwa jumla, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa penu hupoteza barafu nyingi kwa kuyeyushwa na bahari kutoka chini kuliko kwa kumeguka vipande vya kuelea. Hapa ndipo ilipo siri ya mikondo.

Tuanze na chumvi. Wakazi wa Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wanajua kwamba jua huyanyakua maji ya bahari na kuiacha chumvi. Baridi ya Antaktika nayo hufanya kazi kama hiyo kwa njia yake. Upepo mkali utokao bara huisukuma barafu ya bahari mbali na pwani, maji yaliyobaki wazi yakaganda, na katika kuganda yakaitema chumvi. Maji yanayosalia chini huwa ya chumvi zaidi, na kwa hivyo mazito zaidi. Huzama. Baadhi yake huteremka hadi chini ya upenu, mpaka pale barafu inapogusa ardhi.

Maji hayo yana baridi ya takriban nyuzi 1.9 chini ya sufuri. Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza: maji baridi kiasi hicho yawezaje kuyeyusha barafu? Jibu ni kwamba kadiri tushukavyo kilindini, mgandamizo huongezeka na maji huhitaji baridi kali zaidi ndipo yagande. Katika kina cha mita 1,000, maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 2.6 hivi chini ya sufuri. Kwa barafu ya huko chini, basi, maji tunayoyaona kuwa ya baridi kupindukia ni ya moto. Huiyeyusha, yakachanganyika na maji matamu, yakawa mepesi na kupanda yakifuata mgongo wa chini wa upenu. Yakifika juu, mgandamizo umepungua, na sehemu yake huganda tena. Hivyo bahari huichukua barafu mahali pamoja na kuibandika pengine. Katika penu kubwa za baridi, kama ule wa Ross, uyeyukaji wa namna hii kwa wastani haufiki mita moja kwa mwaka.

Mambo ni mengine katika Bahari ya Amundsen, upande wa magharibi wa Antaktika. Huko maji ya kilindi yanayoizunguka Antaktika, yenye joto la nyuzi moja hivi juu ya sufuri, hupanda kwenye sakafu ya pwani kwa kupitia mabonde yaliyochongwa na barafu ya kale. Tofauti yake na kiwango cha kuganda ni zaidi ya nyuzi tatu. Chini ya upenu wa Pine Island, karibu na mahali barafu inapoondoka ardhini, makumi ya mita huyeyuka kila mwaka. Jirani yake ni Thwaites, mto wa barafu wenye upana wa kilomita zipatazo 120, ambao peke yake ungeweza kuinua bahari kwa sentimita 65 hivi. Mnamo Januari 2020 watafiti walitoboa shimo katika upenu wake, wakateremsha chombo kiitwacho Icefin. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa palipo tambarare utando wa maji matamu huikinga barafu kidogo, ilhali kwenye nyufa na kuta za mteremko barafu huliwa kwa kasi.

Msomaji wa Lamu au Kisumu atauliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, yale maji mazito huendelea kuzama hata yakatandaa katika sakafu ya bahari za dunia, yakibeba oksijeni. Tawi lake hupita mashariki ya Madagaska, likapenya karibu na visiwa vya Amirante vya Ushelisheli, na kuingia bonde la Somali, jirani ya pwani yetu. Katika miongo ya karibuni maji hayo yameonekana kupata joto, na katika sehemu nyingi chumvi yake imepungua. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walikadiria kwamba mzunguko wake waweza kupungua kwa asilimia 40 hivi ifikapo mwaka 2050. Pili, tungo kubwa la barafu huivuta bahari iliyo karibu nalo kwa uzito wake. Likipungua, maji huachiliwa yaende mbali, na nchi za tropiki hupata zaidi ya wastani. Umbali wetu si kinga.

Nimesema haya yote bila kuazima sana. Watu wa mwambao wamekuwa na maneno ya bahari kwa karne nyingi: kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, mkondo, kilindi, kusi na kaskazi. Watoto wetu hufunzwa sayansi kwa Kiingereza, wakakariri jina la kitu bila ya kukiona akilini. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ni juu yetu walimu kukipa kazi inayolingana na cheo hicho. Simwombi mwalimu wa jiografia aache Kiingereza cha mtihani. Namwomba tu kwamba siku ya somo la bahari aje na gilasi ya maji na kipande cha barafu, aeleze kwa Kiswahili mpaka mwanafunzi wa mwisho aelewe, ndipo aandike ubaoni yale majina ya kitabuni.

Mwanafunzi wangu aliiandika upya sentensi yake. Ilisema: "Upenu wa barafu ukidhoofishwa na maji yapitayo chini yake, barafu ya nchi kavu huteremka baharini, na bahari ikapanda." Nilimpa alama zote. Alikuwa amejifunza Kiswahili, na bahari pia.