Kitabu Chako Kiko Rafu Gani?

Mkulima ambaye buni zake zinageuka nyeusi mtini aingiapo maktaba huuliza, "Vitabu vya kahawa viko wapi?" Swali hilo halitoshi, kwani kahawa haina mahali pamoja.

Katika mwaka wa 1876 Bwana Melvil Dewey wa Marekani alitoa mpango wa kupanga vitabu kwa tarakimu, na maktaba nyingi duniani huufuata hata leo. Elimu yote imegawanywa katika mafungu 10, tangu 000 hata 900. Fungu la 600 ni la elimu zitumikazo katika kazi. Ndani yake 630 ni ukulima, na 633.73 ni ukulima wa kahawa. Lakini kitabu cha bei na biashara ya kahawa kimo katika 338, pamoja na mambo ya uchumi, na kile cha kuipika kimo katika 641, penye vyakula na vinywaji. Nyuki ni vivyo hivyo: habari za mdudu mwenyewe zimo katika 595, na za ufugaji wake katika 638.

Basi mpango huu hauulizi tu kitabu chataja kitu gani, bali chakitazama kwa elimu gani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuondoka mikono mitupu ukidhani kitabu hakipo, mweleze msimamizi wa maktaba haja yako yote: "Nataka kuponya mibuni yangu." Mwuliza njia hapotei, lakini sharti ataje aendako.