Mboga za nyumbani katika ardhi ya Maine

Mkulima wa Kinangop au Njombe anaijua jalidi. Ameshaamka asubuhi akakuta viazi vimeungua, majani meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Lakini baridi yake inatokana na mwinuko, na saa za mchana hazibadiliki sana mwaka mzima. Akihamia Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, anakuta jambo ambalo milima ya kwao haikumfundisha: mwishoni mwa Juni mchana una saa zaidi ya 15, na mwishoni mwa Desemba haufiki 9. Jimbo hilo sasa lina Wakongomani, Wanyarwanda, Warundi na Wabantu wa Somalia wengi, na kila masika swali ni lile lile: mboga za nyumbani zitaota huku?

Nyingi zitaota, ila kwa hesabu. Jalidi ya mwisho huwa katikati ya Mei, na ya kwanza hurudi kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Kati ya hizo mbili kuna siku 130 hadi 150, na zao lolote lisilovumilia jalidi lazima limalize safari yake humo. Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma kwenye pakiti ya mbegu ni idadi ya siku za kukomaa. Jina la mbegu na picha vije baadaye.

Mahindi yanaonyesha tatizo hili vizuri. Mbegu ya nyanda za juu, mfano H614 inayopendwa Kitale, inahitaji miezi 6 hivi. Hilo peke yake linaitoa. Kuna kikwazo kingine kisichoonekana. Mahindi ya ukanda wa tropiki yamezoea mchana wa saa 12, na hutegemea urefu wa usiku kujua wakati wa kuchanua. Usiku mfupi wa Juni huyachelewesha: yanarefuka, yanatoa majani mazuri, mbelewele hazitoki, hadi jalidi inayakuta bado mabichi. Hapo mbolea haisaidii kitu.

Dawa ni kutafuta mbegu iliyolelewa huko huko. Wenyeji asilia wa eneo hilo walilima mahindi ya punje ngumu yanayokomaa mapema karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Leo, katika mji mdogo wa Wales, Maine, wakulima wa Kibantu kutoka Somalia wanalima mahindi ya aina hiyo kwenye shamba lao la Liberation Farms na kuyasaga unga. Wengi wao ni wazao wa watu waliotekwa katika karne ya 19 kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Mimi nawahesabu miongoni mwa walimu bora wa kilimo cha baridi kwa watu wetu, kwa sababu hawakung'ang'ania mbegu, walishika chakula.

Sasa udongo, ambao watu wengi wanausahau. Hewa ya Mei inaweza kukudanganya: jua linawaka, umevaa fulana, kumbe chini bado kuna ubaridi wa theluji iliyoyeyuka juzi. Maharage na mahindi yanataka udongo usiopungua nyuzi 15 za Selsiasi. Ukiyafukia kwenye nyuzi 8, yatanyonya maji na kuoza. Chomeka kipimajoto hadi kina cha kidole asubuhi, siku 3 mfululizo, ndipo uamue. Tuta lililoinuliwa hupata joto mapema, na plastiki nyeusi ikitandazwa juu yake wiki 2 kabla ya kupanda itakusaidia zaidi. Njegere na spinachi hazina makuu. Huota hata kwenye nyuzi 5.

Nyanya, pilipili na managu zipandwe kwenye trei ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho. Mwanga wa dirishani hautoshi: miche hurefuka, hupauka na kulala. Ining'inizie taa sentimita chache juu ya trei, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku. Kabla ya kuihamishia bustanini, izoeshe kwa wiki nzima: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, kisha uongeze jua na upepo kidogo kidogo. Mche uliotolewa ghafla hubabuka majani yakawa meupe, na hupoteza siku ambazo huna za kupoteza.

Mchicha unapenda joto, hivyo umwage mbegu zake Juni. Kunde panda kwa ajili ya majani. Muhogo achana nao. Sukuma wiki ndiyo mfalme wa bustani hii: jalidi nyepesi haiiui, tena baridi huifanya ikusanye sukari kwenye majani, na ya Oktoba ni tamu kuliko ya Julai. Ukitaka kutumiwa mbegu kutoka nyumbani, kumbuka Marekani inadai cheti cha afya ya mimea.

Eliot Coleman, mkulima wa Harborside, Maine, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba hata majira ya baridi hayafungi bustani kabisa. Kanuni yake ni kwamba mchana ukipungua chini ya saa 10, mimea karibu inasimama kukua. Kwa Maine ni tangu mwanzo wa Novemba hadi mwanzo wa Februari. Basi spinachi ipandwe mapema Septemba, ikue kabla ya siku hizo, halafu ifunikwe kwa kitambaa chepesi ndani ya kibanda cha nailoni. Itabaki hai, nawe utachuma.

Aliyechelewa kuanza mwaka huu asikate tamaa: kitunguu saumu hupandwa Oktoba, hufunikwa kwa nyasi kavu, hulala chini ya theluji, na huvunwa Julai.