Kivuko cha Reli Kisichojengwa

Kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya hazina hata kivuko kimoja cha reli, kwa kuwa hazina reli. Reli ya zamani ilipofika Kisumu mwaka 1901 iliiacha kando milima ya Gusii, ziliko kaunti hizi. Lakini mpango wa kuendeleza reli ya kisasa ya SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu unapitia Narok, Bomet na Nyamira, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuuliza serikali itailinda vipi barabara itakapokutana na reli. Kwa kawaida sheria huja baada ya kivuko: kibao, kizuizi, kengele, faini. Kwa Nyamira naona sheria yenye manufaa ni ile itakayokataza kivuko chenyewe kisiwepo.

Sababu ya kwanza ni ya fizikia. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 35 hivi tangu breki zishike. Gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko huo. Treni ikipunguza mwendo kwa nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde, kutoka kasi hiyo hiyo itahitaji takriban mita 500, na kutoka kilomita 120 kwa saa itapita kilomita nzima. Dereva wa treni akikuona, mara nyingi kilichobaki ni kupiga honi. Macho yetu nayo hutudanganya: mwaka 1985 mwanasaikolojia Mmarekani Herschel Leibowitz alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kasi yake halisi, na ndiyo maana mtu makini kabisa anaweza kuamini kwamba ana nafasi ya kupita. Ongeza ukungu wa asubuhi wa nyanda za juu, na bodaboda iliyobeba majani chai.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni uzembe, hivyo watu wafunzwe na wakaidi watozwe faini. Elimu ni njema, ila Kenya imeshaonja kanuni zinazomtegemea askari. Kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu, nidhamu ikaonekana barabarani. Usimamizi ulipolegea, mazoea yakarudi. Na kwenye kivuko cha Mutindwa, mtaani Umoja, Nairobi, treni iligonga basi la abiria tarehe 30 Oktoba 2013 na zaidi ya watu 10 wakafa. Daraja halihitaji askari wa zamu.

Pingamizi zito zaidi ni gharama. Hata hivyo India, yenye mtandao mkubwa mno wa reli na maskini wengi, ilikuwa imeondoa vivuko vyote visivyo na mlinzi kwenye reli zake pana kufikia mwaka 2019, na kubomoa kosa la zamani ni ghali kuliko kutolifanya. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi yenyewe ilijengwa ikipishana na barabara juu au chini. Nyamira ardhi inasaidia: reli haiwezi kupanda kilima kama barabara, hivyo italazimika kukata vilima na kuvuka mabonde juu ya tuta au nguzo, na chini ya tuta kipito ni rahisi kuwekwa wakati wa ujenzi.

Hatari ninayoiona iko kwingine, yaani kwenye uzio wa reli. Sensa ya 2019 ilionyesha Nyamira ikiwa na watu zaidi ya 600 katika kila kilomita ya mraba, na vijia vyao vya kwenda shule, mtoni na kituo cha kununulia chai havimo kwenye ramani za barabara. Mama aliyezoea kuvuka hatua 50 hatazunguka kilomita 2 kwa sababu mhandisi aliweka daraja penye lami. Waya utakatwa, na hapo kitazaliwa kivuko kisicho na kibao wala kengele. Kwa hiyo kibali cha ujenzi kitanguliwe na hesabu ya vijia, ikifanywa kwa miguu pamoja na wenyeji, na makalavati ya maji yajengwe mapana na marefu kiasi cha kumpitisha mtu na ng'ombe wake.