Wiki Nane za Bugarama

Kijana alikuwa na kalamu tatu mezani: moja nyeusi, moja ya bluu, na nyingine ya bluu iliyokolea. Alikuwa akijaza logibuku yake ya fildi, wiki ya tatu mpaka ya saba, kwa mkupuo mmoja, kwenye mgahawa wa Bugarama nilikokaa kusubiri gari la Kahama. Kalamu zile zilikuwa za kubadilisha wino, ili mhadhiri atakapofika keshokutwa aamini kwamba kila siku iliandikwa kwa siku yake. Jumatatu: kushiriki kuchukua sampuli. Jumanne: kushiriki kuchukua sampuli. Alipofika Jumatano aliinua kichwa. "Mzee, shikamoo. Kuna neno jingine la kushiriki?"

Sikuwa na haki ya kumkemea. Yangu niliijaza vivyo hivyo, miaka mingi iliyopita, katika ofisi moja ambayo watu wake walikuwa wema lakini hawakujua wanifanyie nini. Walinipa mafaili niyapange. Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja, akakaa muda wa kunywa chai, akauliza kama napata shida yoyote, akasaini. Nilipewa A. Alama ile imo kwenye transkripti yangu mpaka leo, imehesabiwa ndani ya GPA, imekaa sawa kwa sawa na alama za masomo niliyoyakeshea. Nikiitazama najua kwamba ndani yake hamna kitu, na hilo limekuwa likinisumbua zaidi kadiri ninavyozeeka na kadiri ninavyoona mipango mikubwa ya kuinua ubora wa vyuo vyetu ikipita.

Mipango ipo, na si midogo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao vyuoni kila mtu anauita HEET, ulianza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, ukapangiwa miaka mitano. Umekuja na majengo ya mihadhara, maabara, kampasi mpya katika mikoa ambayo haikuwahi kuwa na chuo kikuu cha umma, wahadhiri kupelekwa kusomea uzamili na uzamivu, na mamia ya mitaala kuhuishwa. Ndani yake kuna jambo moja ambalo mimi naliona ndilo lenye akili kuliko yote: kila chuo kitakiwe kuwa na kamati ya ushauri inayowaingiza watu wa viwandani na makampuni, wakae na maprofesa wakati mtaala unaandikwa, na wahadhiri wenyewe waende kukaa viwandani waone kazi inavyofanyika. Huku kwetu mkono wa mradi huo umefika Kizumbi, kwenye viunga vya mji wa Shinyanga, ambako Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi lake.

Sina ugomvi na majengo. Mtu aliyesoma akiwa amesimama dirishani kwa sababu ukumbi umejaa hawezi kuyadharau. Lakini mtaala uliohuishwa ni karatasi mpaka siku utakapomkuta mwanafunzi mbele ya kazi yenyewe, na kwa kozi nyingi siku hiyo inakuja katika zile wiki nane za fildi, kati ya Julai na Septemba. Hapo ndipo ningependa wakaguzi wa ubora wapapime kwanza. Wakianzia Bugarama wataona mengi.

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Msalala, Kahama, jirani na uzio wa mgodi wa Bulyanhulu. Mgodi ule ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2001. Leo unaendeshwa na Barrick kwa ubia na Serikali, yenye hisa asilimia 16, chini ya kampuni ya Twiga. Watu wake wanashuka zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, ndani ya miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, kwa mitambo, hewa ya kusukumwa na ramani za kompyuta. Toka nje ya geti, tembea kidogo, utakuta wachimbaji wadogo wakishuka kwenye duara kwa kamba, kuta zimeshikiliwa na matimba ya miti. Madini ni yale yale, mwamba ni ule ule, ila ujuzi umetenganishwa na uzio. Sijui darasa gani la jiolojia, la uhandisi wa madini, la afya ya jamii, la sheria au la uhasibu lingeweza kujengwa kwa fedha likawa na vifaa vya kufundishia kama hivi.

Chukua jambo moja tu, marudio. Mchimbaji akitoa mawe yake duarani huyapeleka kwenye karasha yakasagwa, kisha unga ule huoshwa mwaloni na kukamatwa kwa zebaki. Njia hiyo mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Mchanga unaobaki ndio marudio, na kwa desturi ya machimbo mengi ya Kanda ya Ziwa mwenye karasha ndiye anayebaki nao. Baadaye marudio huingizwa kwenye matangi ya sayanaidi, dhahabu iliyosalia ikayeyuka, ikanaswa na kaboni, kaboni ikapelekwa kwenye mtambo wa elusheni. Aliyeshuka duarani amelipwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa inatoka baadaye, mikononi mwa mwingine. Na zebaki iliyojificha kwenye marudio nayo huyeyuka ndani ya sayanaidi, ikapata njia rahisi zaidi ya kufuata maji.

Katika maelezo hayo mafupi kuna tasnifu za kozi tano. Mwanafunzi wa uhasibu na ushirika kutoka Kizumbi angeweza kukaa na kikundi cha wachimbaji akawapigia hesabu ya kile wanachokiacha kwa mwenye karasha kila mwezi, jambo ambalo wengi wao wanalihisi lakini hawana karatasi ya kulionyesha. Wa kemia angepima maji ya kisima kilicho chini ya mteremko. Wa uhandisi angekwenda mpaka Katente, wilayani Bukombe, mkoani Geita, ambako mradi mwingine wa Benki ya Dunia wa usimamizi wa rasilimali za madini ulijenga kituo cha mfano cha uchenjuaji kwa wachimbaji wadogo, pacha wa vile vya Lwamgasa na Itumbi. Majengo mawili, mikopo miwili, mkopeshaji mmoja. Na katikati yake kijana mwenye kalamu tatu.

Kinachozuia si uvivu wa wanafunzi. Nimekaa na wengi wao nikawasikiliza, na hadithi ni moja. Kuanzia Machi anasambaza barua za kuomba nafasi. Mgodi mkubwa una nafasi chache na waombaji ni wa vyuo vyote vya nchi. Kuna vipimo vya afya, mafunzo ya usalama, na maeneo ambayo mgeni haruhusiwi kabisa, kwa sababu za msingi. Asiyepata anabisha kwenye mitambo midogo ya uchenjuaji, kwa wenyewe ambao wanaogopa mtu yeyote mwenye daftari kwa kudhani ni wa kodi au wa mazingira. Akikubaliwa ni kwa sharti la kutouliza sana.

Halafu fedha. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hulipiwa fildi kwa siku zisizozidi 56. Bumu likichelewa, na huchelewa, wiki mbili za kwanza anakula kwa kukopa katika mji wa dhahabu, ambako chumba na sahani ya wali vina bei ya watu wa dhahabu. Asiye na mkopo hupanga fildi nyumbani kwao, kwenye ofisi yoyote iliyo jirani, hata kama anasomea madini na kwao kuna bandari tu. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye ubora wa kufundisha, mfuko wa mzazi umeshaamua nani atauona mwamba na nani atauona kwenye slaidi.

Na mhadhiri? Yeye ana wanafunzi waliotawanyika Kahama, Geita, Mwanza, Mara. Amepewa gari na posho ya siku za kuhesabu. Siku moja atawaona sita. Akifika anamkuta mwenyeji ana haraka, anakagua logibuku, anauliza maswali matatu ya darasani, anajaza fomu. Mtu mwema kabisa, aliyefundisha vizuri, anageuka kuwa muhuri. Nimewaona wakirudi kwenye gari na uso wa mtu anayejua hakufanya alichokuja kufanya. Ndiyo maana lile wazo la wahadhiri kukaa viwandani linanipa matumaini kuliko maghorofa: aliyekaa miezi mitatu kwenye mtambo wa uchenjuaji hawezi kuridhika na neno "kushiriki".

Nchi hii imewahi kulifikiria jambo hili kwa uzito. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Wajerumani, mafunzo kwa vitendo viwandani yaliwekwa ndani ya shahada yenyewe. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari, afanye kazi kwanza, aje na barua ya mapendekezo kutoka kazini. Lilikuwa wazo kubwa. Utekelezaji wake ulilegea hatua kwa hatua, misamaha ikatolewa, na katika miaka ya 1980 likafifia. Mimi nadhani kilicholidhoofisha ni kile kile kinachoidhoofisha fildi ya leo: barua ya mapendekezo huandikwa na yeyote mwenye muhuri, na hakuna anayeulizwa baadaye kama aliloandika lilikuwa kweli.

Linganisha na utaratibu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza mwaka 2003, ule wa SEAP. Mhitimu wa uhandisi anawekwa kwa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, mwenye jina, anayefuatilia ripoti zake na kubeba dhamana ya kile alichokithibitisha. Utaratibu huo nao una upungufu wake, hasa wa nafasi na fedha, lakini una mtu wa kuulizwa. Fildi ya shahada ya kwanza mara nyingi haina. Mwenyeji anasema kijana ni wa chuo. Chuo kinasema kijana yuko kwa mwenyeji.

Kuna upande mwingine wa barabara hii, nao haumo kabisa kwenye fomu. Wakati mwanafunzi wa chuo anashuka kutoka basini Bugarama, mtoto wa Bugarama anajiandaa kuiacha Bugarama. Anatakiwa kufaulu masomo mawili ya kidato cha sita kwa jumla ya pointi nne ndipo mlango wa shahada ufunguke. Barrick na Twiga wametangaza Dola milioni 30 za kupanua miundombinu ya shule zetu za kidato cha tano na sita nchini, na kila darasa na kila bweni lina thamani, hasa kwa binti ambaye vinginevyo angepanga chumba mtaani. Ila mtoto huyu amekulia mwaloni. Ameona zebaki ikikumbatia dhahabu kabla hajajua kusoma. Anajua kwa macho jiwe lipi lina kitu na lipi ni kifusi. Akifika mwaka wa kwanza chuo kikuu, kemia inakuja kwake kama somo la nchi nyingine, kwa lugha nyingine, na hakuna anayemwambia kwamba nusu yake anaijua tayari. Muhula wa kwanza sapu mbili, wa pili anakeri, mwaka wa pili amedisko. Kwenye takwimu za ufaulu ataandikwa kama mwanafunzi dhaifu.

Mwanafunzi wa fildi na mtoto yule hupishana kila Julai bila kusalimiana. Shule zinafunguliwa wakati ule ule fildi inapoanza. Alasiri moja kwa wiki, mwanafunzi wa chuo akae na kidato cha tano, awaonyeshe kwa nini kaboni inanasa dhahabu, nao wamwonyeshe mwalo na kumfundisha kuitikia salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", ili asiwe mgeni mbele ya wazee. Jambo hili halihitaji mkopo. Linahitaji mstari mmoja kwenye fomu ya tathmini.

Nilimweleza kijana sehemu ya haya. Alisikiliza kwa adabu, kisha akafungua logibuku nyuma, kwenye wiki ya pili. Ukurasa ule ulikuwa na wino wa aina moja na mwandiko wa haraka. Alikuwa amekwenda mwaloni kuchukua sampuli, mama mmoja aliyekuwa akichekecha akamwita. Aliyanakili maneno yake jinsi yalivyo: "Mwanangu, wewe si unasoma chuo kikuu? Haya marudio yakishatoka kwenye dawa, pale wanapoyamwaga mimi nalima mchicha. Wanangu wale, au wasile?"

Chini yake aliacha mistari sita mitupu.

"Niliuliza pale mtamboni," akasema, "wakaniambia hilo halipo kwenye kazi zangu. Darasani hatujafika huko. Nilitaka kumuuliza mhadhiri, ila nikiufungua huu ukurasa ataona zilizobaki zote si za kweli."

Nikamwambia amuulize hivyo hivyo, tena kabla fomu haijasainiwa. Gari la Kahama lilikuwa limeshapiga honi. Nilipogeuka mlangoni alikuwa amezifunika kalamu mbili, na ile ya tatu ameilaza katikati ya ukurasa ule ili daftari lisijifunge.