Boti za faiba: jua linakula mtaji ufukweni

UNGUJA – Mwenye mashua ya mbao hahitaji kukumbushwa wajibu wake. Anajua lini akalafati, lini apake sifa, na lini apandishe chombo pwani ili akipake shahamu chini. Asipofanya hivyo, wadudu wa baharini watamtobolea mbao. Mwenye boti ya faiba, kwa upande wake, aliambiwa siku ya kununua kuwa chombo chake hakina usumbufu huo. Ni kweli kwamba faiba hailiwi na wadudu, lakini inaliwa na jua.

Matokeo yake yanaonekana kuanzia Malindi na Forodhani hadi Nungwi, Fumba na Kizimkazi. Boti iliyokuwa nyeupe na kung'aa imefifia, na ukiipapasa ubavuni mkono unatoka na unga kama wa chokaa. Wengi wanadhani huo ni uchafu wa kusugua tu, kumbe ni boti yenyewe inayoondoka kidogo kidogo.

Kibiashara jambo hili si dogo. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi ikapita 736,000. Mgeni anayetafuta chombo cha kumpeleka Changuu au Mnemba hawezi kukagua injini. Anachokiona ni ubavu wa boti, na kwa huo anapima kama mwenyewe ni mtu makini. Aidha, tangu mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi imegawa boti za kisasa kwa wavuvi na wakulima wa mwani, hivyo suala hili si la watu wa utalii peke yao.

NGOZI YA NUSU MILIMITA

Boti ya faiba ina tabaka la nje linaloitwa jelikoti. Hiyo ndiyo inayoipa boti rangi na mng'aro, na ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye nyuzi za kioo zilizo ndani. Unene wake kwa kawaida ni karibu nusu milimita tu. Mionzi ya jua huvunja uso wa jelikoti, chumvi na joto vikasaidia, na uso ukageuka unga wenye vitundu vidogo vinavyoshika uchafu.

Hapa ndipo penye hesabu. Kila mara fundi anapopiga msasa anapunguza ile nusu milimita. Mng'aro utarudi, lakini umelipiwa kwa mtaji ambao haurudi. Mwenye boti anayeiacha ichakae mwaka mzima, kisha akaita fundi wa msasa, na mwakani akafanya vivyo hivyo, mwisho ataifikia faiba yenyewe. Hapo atalazimika kupaka jelikoti upya au rangi ya poliyurethani ya mikebe miwili, kazi ambayo gharama yake haifanani kabisa na ya kopo la nta.

ANZA NA KAZI NDOGO

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukimbilia msasa. Utaratibu unaofaa ni huu:

Kwanza, osha boti kwa maji matamu na sabuni laini mpaka mchanga wote utoke. Punje moja ya mchanga iliyobaki kwenye kitambaa itachora ubavu mzima.

Pili, chagua sehemu ya ukubwa wa sahani na usugue kwa kompaundi ya kung'arisha. Mng'aro ukirudi, boti haihitaji msasa, na kazi nzima ifanyike kwa kompaundi hiyo.

Tatu, usiporudi, tumia msasa wa maji. Anza na namba 800 au 1000, kisha 1500, umalizie na 2000. Namba za chini ya hapo ziachwe kwa sehemu zilizochoka sana. Baada ya msasa ndipo ifuate kompaundi. Anayetumia mashine aizungushe polepole na asikae mahali pamoja, kwani joto huunguza jelikoti.

Nne, paka nta ya boti yenye kinga ya mionzi ya jua. Ipakwe nyembamba, kivulini, mara mbili. Kompaundi inarudisha mng'aro lakini hailindi. Asiyepaka nta ataona ule weupe wa chokaa ukirudi upesi.

Boti ya mita 7 yenye ubavu wa sentimita 80 ina eneo la karibu mita 11 za mraba kwa pande zote mbili. Kwa kupaka nta hiyo ni kazi ya siku moja. Kwa msasa wa mkono wenye hatua tatu ni kazi ya siku kadhaa, na siku hizo boti haiingizi kitu.

KALENDA YA BAMVUA

Wakati wa kufanya kazi huamuliwa na bahari. Boti ikipandishwa juu pwani wakati wa bamvua la mwezi mwandamo, itapata maji ya kuielesha tena kwenye bamvua la mwezi mpevu, takriban wiki 2 baadaye. Kwa hiyo vifaa vyote viwe tayari kabla boti haijapanda. Anayepandisha kwanza ndipo aanze kutafuta msasa madukani atajikuta maji makubwa yamempita.

Tatizo ni kwamba miezi yenye wageni wachache, Aprili na Mei, ndiyo miezi ya masika, na nta haipakwi mvuani. Suluhisho ni banda la makuti, au kungoja mwisho wa Mei mvua zinapopungua, kabla wageni wa Julai hawajafika. Baada ya hapo nta irudiwe kila miezi 3 au 4. Dalili ya kuisha ni maji kutandaa ubavuni badala ya kujikusanya matone. Turubai la kufunika boti iliyolala nalo ni kinga ya bei nafuu.

TAHADHARI KWA MNUNUZI

Katika soko la boti zilizotumika, mng'aro si ushahidi. Baadhi ya vimiminika vya kung'arisha haraka huacha utando unaopendeza wiki chache, kisha ukabanduka. Mnunuzi afunue chini ya viti, mahali jua lisipofika, alinganishe rangi. Akiona nyuzi za faiba zikichungulia ubavuni, ajue jelikoti imekwisha, na bei ishuke kwa kiasi cha rangi mpya.

Mwisho, fundi avae barakoa na miwani, kwa kuwa vumbi la faiba hudhuru mapafu na macho. Atandike turubai chini na kukusanya vumbi lote, kwani ufuo huo huo ndio wenye mwani na samaki.

Wazee wa mashua hawakungoja mbao itoboke ndipo wapake shahamu. Mwenye faiba naye asingoje chokaa.